Mkono Uliohesabiwa

Haikuwa ahadi. Ilikuwa balbu.
Alhamisi ile, chumba cha chini ya shule, mjini Võru,
wazazi kumi na wawili tumekalia viti vya watoto,
magoti yanatafuta videvu,
na Bi Helve, miaka thelathini na mmoja kiongozi wa skauti,
anasema miguu yake imeukataa msitu:
nani atapokea?
Kila mtu akavikumbuka viatu vyake, akavitazama.
Juu yangu taa inapepesa, inapepesa,
nami ni fundi wa umeme, jambo hilo silivumilii.
Nikasimama, nikanyoosha mkono niikaze.
"Asante, Urmas," akasema Bi Helve,
na wenzangu wakapiga makofi upesi
kama watu wanaowahi kufunga mlango paka asitoke.

Skafu niliyovishwa ilinuka moshi wa mioto ya watu wengine.

Fundo nililolijua ni la viatu tu.
Nikajifunza usiku, jikoni, kwa kamba ya kuanikia nguo,
nikafunga na kufungua mguu wa meza
hata Maarika akauliza kama meza inataka kutoroka.
Watoto hawakudanganyika.
"Umelipindua," akasema Säde, miaka tisa,
akalifungua, akalifunga upya mikononi mwangu,
wala hakucheka.
Hapo ndipo nilipotaka kubaki. Sikumwambia mtu.

Msitu wenyewe ni kidogo. Kazi ni karatasi:
nani hanywi maziwa, nani hutembea usingizini,
nani baba yake asipigiwe simu, kwa vyovyote asipigiwe.
Kazi ni soksi moja. Daima moja.
Ni sufuria ya uji wa shayiri iliyoungua
ninayoisugua kwa mchanga wa ziwa Tamula,
simu begani, mzazi ananiuliza kama kuna mbu.
Wapo, mama. Ni wengi kuliko sisi
na wamejipanga vizuri zaidi.

Kambi ya Septemba, usiku wa pili, mvua.
Uku akasimama mlangoni pa hema langu,
miaka minane, koti kavaa nje ndani.
"Nataka nyumbani."
Kitabu cha mafunzo kina maneno ya saa kama hiyo;
niliyasoma, nikayapigia mstari, yakanitoka yote.
Nikageuza ndoo, akakaa.
Nilikuwa nimeifumua tochi iliyoingia maji.
Nikampa bisibisi anishikie.
Nikaiomba, akanipa. Nikamrudishia.
Nikaiomba tena, akanipa.
Mara ya pili sikuihitaji, wala ya tatu,
wala zile zote zilizofuata mpaka mvua ilipochoka.
Akalala ameketi, bisibisi kifuani.
Asubuhi nikamsikia kwenye foleni ya chai
akiwaambia wenzake kwamba usiku kucha alikuwa kazini.

Triinu, binti yangu, niliyemsindikiza siku ile ya balbu,
aliacha skauti, huu mwaka wa tatu.
Ana gitaa sasa, na mlango unaofungwa.
Jirani huniuliza: wewe kule umebakia nini?
Husema wanahitaji dereva.
Hawahitaji. Mama yake Säde ana gari kubwa kuliko langu.

Kuna Alhamisi natoka kazini mikono imekufa ganzi,
nawachukia wote kuanzia taa za barabarani hadi mlango wa shule.
Halafu mlango unafunguka, wapo,
wanabishana kuhusu popo, mmoja analia kwa sababu ya popo,
na mtu tayari amepoteza soksi
ingawa hakuna aliyevua viatu.

Jana taa ilianza tena kupepesa.
Ile ile, juu ya meza ya kamba.
Nikatafuta kiti. Uku alikwisha kukipanda,
miaka kumi na mmoja, suruali imemfupia,
kanyanyua mkono, ncha za vidole hazifiki vizuri.
Nikaizima swichi kwanza.
Gizani nikauhesabu mkono ule, kimya kimya,
kisha nikainama, nikakishika kiti kisiyumbe.